Jua Halina Swichi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha upande wa uani.
Jumapili, watoto wamelala.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zetu kwanza, maana salamu ni nyepesi na maneno ya leo ni mazito. Hujambo? Hajambo shemeji? Hao wapwa zetu bado wanagombania blanketi moja na mengine yamejaa kabatini? Na huko kwenu, mnakotoa moshi mdomoni bila kuvuta sigara, mmeshazoea au mnajikaza tu mbele za watu?

Sisi huku hatujambo kwa kuzidiana. Mama magoti yamepata nafuu, na sababu yake utaikuta humu mbele. Kaka yako yuko safarini na lori lake. Akirudi, harufu ya dizeli inatangulia mlangoni, yeye anafuata. Binti yangu, Bibi Mdogo, ameanza kuamrisha watu wazima wavue viatu nje, na wanavua. Kibonge ametoa meno mawili ya chini na anayajaribia kwangu kila anaponyonya.

Mimi nimechoka, wifi. Nimechoka mpaka juzi nilimimina chai kwenye chupa ya mtoto na maziwa ya mtoto kwenye kikombe cha Mama. Mama akanywa yote, akasema leo chai imekolea. Sikumsahihisha.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako niandike, badala ya kulala kama wenzangu wenye akili.

Ule ujumbe wako niliupata. “Wifi, kweli umeunguza tangi la baba?” Niliusoma nikiwa kwenye cherehani, nikajishona kidole pamoja na pazia la mteja. Sikukujibu. Usidhani sikuwa na jibu. Jibu lilikuwepo, nilikuwa nalipika, na chakula kizuri hakitaki haraka.

Najua aliyekwambia. Ni dada yenu mkubwa, Meneja, jina mlilompa wenyewe utotoni kwa sababu hata foleni ya kuoga aliisimamia yeye. Najua alikupigia wewe wa kwanza, akampigia mama mkubwa, akampigia mjomba, akamalizia na binamu zenu wote, mpaka yule asiyepokea simu naye siku hiyo akapokea. Uongo una bahati, wifi. Ukweli ukipiga simu unaambiwa mteja hapatikani.

Basi sikiliza ilivyokuwa.

Lile tangi la maji ya moto marehemu baba alilifunga kwa mikono yake juu ya dari ya korido, na swichi akaiweka ukutani karibu na mlango wa Meneja. Nawe unajua, kitu kikiwa karibu na mlango wa Meneja ni cha nani. Alfajiri yeye ndiye anayewasha. Anaoga mpaka kioo cha bafuni kinatoka jasho, kisha anazima, eti tubane matumizi. Mara ngapi nimekuwa bafuni na Kibonge, sabuni imemjaa masikioni, nasikia nje “tak!”

“Wifi, bado namwogesha mtoto!”

“Maji ya moto yanalegeza watoto!” ananijibu huku anaondoka, ngozi yake mwenyewe bado inafuka mvuke.

Nilikuwa nanyamaza. Nilisema nimeolewa nikamkuta, nyumba ina wenyewe. Kifua cha Kibonge kikikoroma usiku, mimi ndiye ninayekaa naye begani, Meneja analala na pamba masikioni. Bado nilinyamaza.

Na ile sheria ya baba ya kitambaa chekundu unaijua kuliko mimi. Maji ya bomba yakikatika, tangi ndilo akiba yetu, tunachota kwenye kile kibomba cha chini, nyuma ya mlango wa bafu. Lakini anayechota lazima afunge kitambaa chekundu kwenye swichi, ili mtu asije akawasha tangi tupu likaungua. Mimi nimeolewa hapa nikaikuta sheria hiyo, na tangu nimeikuta sijaivunja hata siku ambayo nilifunga kitambaa kwa meno, mtoto mkono huu na ndoo mkono huu.

Maji yakakatika mtaa mzima. Meneja kesho yake alikuwa na sherehe ya mwenzake wa kazini, na nywele zake, kama unavyozijua, hazikubali kwenda mahali zikiwa chafu. Jioni natoka jikoni na birika, namkuta ameinama kwenye kibomba, ndoo imejaa pomoni, kibomba kinadondosha matone ya mwisho, taulo shingoni.

“Nachota kidogo tu,” akaniambia.

Kidogo! Bibi Mdogo angeweza kuogelea ndani ya ile ndoo. Nikapita zangu. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mtu mzima mwenye vidole kumi atafunga kitambaa. Hakufunga. Angefungaje? Mama angekiona asubuhi angeuliza maji ya akiba yamekwenda wapi, na jibu lilikuwa kichwani kwa Meneja limesukwa vizuri.

Alfajiri akatoka chumbani na usingizi wake, mkono ukaenda kwenye swichi wenyewe, kama mkono unavyoijua njia ya mdomoni gizani. Haukupita muda, harufu. Kama mtu amechoma kandambili. Halafu pa! Umeme ukaondoka nyumba nzima, friji ikanyamaza, Mama akatoka na fimbo yake anauliza nani anapika nini saa hizi.

Meneja akatazama dari. Kisha akanitazama mimi. Na mimi, wifi yangu, nilikuwa nimesimama mlangoni pa bafu na nepi mbichi mkononi, niliyoisuuza kwa maji ya pipa la uani. Nepi moja tu. Ndiyo iliyonifunga.

“Umechota maji ya tangi ukafulia nepi, na kitambaa hukufunga!”

“Wifi, si ni wewe jana jioni…”

“Tangi la baba!” akapiga kelele. “Kitu cha mwisho cha baba!” Akaanza kulia. Na si kilio cha uongo, hilo ndilo lililonimaliza. Machozi ya kweli kabisa, kwa kosa lake mwenyewe, yamemwagwa juu yangu. Utabishana vipi na mtu anayemlilia baba yake? Nikifungua mdomo naonekana natukana marehemu. Nikafunga mdomo, nikabaki na nepi.

Kabla jua halijapanda kaka yako alikuwa ameshapigiwa huko barabarani. Akanipigia. Sauti yake unaijua, haipandi hata akikasirika. Afadhali ingepanda.

“Mama watoto,” akasema, “hata kitambaa tu kilikushinda?”

Hapo ndipo nilipoapa. Wengine huapa kwa kupiga kelele, mimi niliapa huku nabadilisha mtoto nepi. Nilisema: Meneja, hili neno litarudi kinywani mwako lilikotoka, na utalitapika mbele ya kila mtu uliyemlisha.

Jioni Mama akatuketisha sebuleni, akatoa hukumu. “Aliyeharibu atengeneze. Mama watoto, utazunguka madukani mwenyewe, utachagua hita mwenyewe, na fundi utamsimamia mwenyewe. Mumeo ameshakubali. Meneja ana kazi.”

Wakadhani wamenipa adhabu. Wifi yangu, walinipa rungu, wakanionyesha na kichwa.

Meneja naye hakukawia. Asubuhi akanisimamisha mlangoni na picha kwenye simu yake. “Ndilo hili, kama la zamani. Likae palepale darini. Na swichi ibaki palepale.” Hilo la swichi alilisema kwa upole, kama mtu anayekuaga salama.

“Nimekusikia, wifi,” nikamjibu. Na kweli nilimsikia.

Nikamfunga Kibonge mgongoni nikaingia madukani. Duka la kwanza wakaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikatoka. La pili muuzaji alikuwa mnene, mcheshi, kalamu sikioni, akaniita dada na kumtania mtoto kabla hajanitania mimi. Nikamwambia nioneshe zote, mimi si mtu wa haraka.

Akanionesha tangi la umeme kama lile la baba. Nikauliza swichi inakaa wapi. Akasema popote unapotaka. Nikaona hilo halifai, maana popote patakapowekwa, Meneja atahamia karibu. Akanionesha ile ndogo ya papo kwa papo, inayopasha maji yanapopita. Ukifungua bomba kidogo yanachemka, ukifungua sana yanapoa. Hiyo nayo ina swichi nje ya mlango. Akanionesha ya gesi. Nikamtazama mtoto mgongoni, nikasema hapana, kulipiza kisasi si kuchoma nyumba.

“Basi kuna ya jua,” akasema. “Inakaa juu ya paa. Mirija ya kioo inapokea jua, maji yanapanda moto mchana kutwa, yanajikusanya kwenye tangi lake huko huko juu.”

“Swichi yake?”

“Haina. Jua halina swichi, dada yangu.”

Wifi, nilihisi kama nimeitwa jina langu na mtu asiyenijua.

“Na anayeoga alfajiri,” nikamuuliza taratibu, “atapata nini?”

“Inategemea. Kama jioni watu wameoga kwa kiasi, maji yanalala na moto wake mpaka asubuhi. Kama jioni wameyamaliza, tangi linajaa maji mapya ya baridi, na alfajiri ndiyo utayakuta hivyo. Mpaka jua lipande.”

“Jua linapanda saa watu wameshaenda kazini.”

“Ndiyo hivyo.”

Nikatabasamu. Yule muuzaji akadhani nimempenda yeye, akaiweka sawa kola yake.

Akaniuliza nyumbani tuko wangapi, nikamwambia. “Basi chukua hili kubwa,” akasema. “Litawatosha wote, jioni na asubuhi.” Nikalizunguka, nikaligonga kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti. Nikalitazama na dogo lililokuwa pembeni. Nikapiga hesabu yangu moyoni: watoto, Mama, mimi, na beseni la nepi. Dogo linatutosha sisi, halafu halibakizi tone.

“Nipe dogo.”

“Dada, dogo litawapungukia.”

“Litampungukia anayepaswa kupungukiwa.”

Alinitazama kidogo, akatoa kalamu sikioni. “Basi angalau chukua lenye koili ya umeme ya akiba, kwa siku za mawingu. Siku ya mvua utajuta.”

“Nikijuta nitajuta na wengine. Isiwe na koili, isiwe na waya, isiwe na kitu chochote cha kubonyeza.”

Wifi, usinione mjinga. Nilijua siku za mawingu mwanangu nitamchemshia maji kwenye birika. Nimeshazoea birika. Ambaye hajalizoea ni mwingine.

Maji ya bomba yaliporudi, fundi akaja na ngazi, Meneja akiwa kazini. Alipomaliza juu nikamwomba jambo moja la ziada: aing’oe ile swichi ya zamani ya korido na azibe tundu. Akaziba kwa saruji, nikapaka rangi mwenyewe, mkono huu brashi, mkono huu mtoto. Kitambaa chekundu nilikikunja vizuri nikampelekea Mama chumbani, kwa sababu kile ni cha baba, na mimi ugomvi wangu si na baba.

Meneja aliporudi alisimama uani anatazama paa. “Hii nini?”

“Hita, wifi. Ya jua. Haili umeme hata kidogo. Si ulitaka tubane matumizi?”

Angesema nini? Maneno yalikuwa yake mwenyewe.

Jioni ile, jua likiwa bado lina nguvu, nikaanza. Nikamwogesha Kibonge taratibu, mpaka mikunjo yake yote ya mapaja ikapata zamu. Nikamwogesha Bibi Mdogo aliyeniuliza leo kuna harusi ya nani. Kisha nikaenda kwa Mama, maana usidhani nilimsahau. Yeye naye alizoea kuoga asubuhi, na sikutaka mshale wa Meneja umpate Mama. Nikamwambia, “Mama, jaribu kuoga sasa hivi, nitakuwekea kigoda chini ya bomba, maji ya moto yapige magoti.” Akanung’unika kwamba mtu haogi mchana kama bata. Akaingia. Nikasikia kimya, halafu nikasikia anaimba. Wifi, Mama anaimba bafuni! Ndiyo hayo magoti niliyokwambia.

Kisha nikaoga mimi. Halafu nikafua nepi kwa maji ya moto mpaka bomba likaanza kutoa baridi. Nikalifunga. Nikalala kama mtu aliyelipwa.

Alfajiri nilikuwa macho, mtoto kifuani. Nikasikia mlango wa Meneja. Nikasikia hatua. Halafu nikasikia kiganja kinapapasa ukuta. Kinapapasa juu, kinapapasa chini, kinarudi juu. Kama mtu anayetafuta miwani. Akasonya, akaingia bafuni.

Ukelele alioutoa uliwaamsha mbwa wa jirani.

“Maji ya moto yako wapi?”

“Yanakuja, wifi,” nikamjibu kutoka kitandani. “Jua likipanda tu.”

“Umeyamaliza!”

“Maji ya moto si yanalegeza watu?”

Ikawa hivyo siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Akijaribu kuwahi kurudi jioni, anakuta nimewahi zaidi. Siku moja aliomba ruhusa kazini akaja na taulo mkononi kabisa, akanikuta nafua mapazia ya wateja kabla hata sijayashona. Akanuna. Akapika maji kwenye sufuria, akasahau, yakakauka, sufuria ikaungua chini. Nikaitundika ile sufuria jikoni mbele ya watu wote. Sikusema kitu. Sufuria ilikuwa inasema.

Nakiri nilikuwa na raha mbaya. Raha ya kukuna upele, unajua unajiumiza na bado unakuna. Nilikuwa nashona huku nacheka peke yangu mpaka Bibi Mdogo akaniuliza mama unaongea na nani.

Mama akaniita akiwa kwenye kigoda chake, anajikausha miguu. “Mama watoto, hili tangi umelichagua kwa akili au kwa hasira?”

“Kwa vyote viwili, Mama.”

“Na mwisho wake uko wapi?”

“Mwisho wake anao Meneja mdomoni.”

Mama akanikabidhi taulo. Kisha akasema, “Siku ile nilisikia bomba jioni. Na nywele zake zilikuwa mbichi.” Wifi, nusura nidondoshe taulo. Alijua! Nikamuuliza kwa heshima zote, mbona hukusema, Mama? Akasema, “Mtoto akidanganya kwa kumlilia baba yake, mama anakosa pa kushika.” Akaniomba nimsaidie kusimama. Nikamsaidia. Nilimkasirikia kidogo hata yeye, lakini mkono wake nilioushika ulikuwa na joto, na hasira haikukaa.

Wiki jana kaka yako akarudi. Tumekaa mezani wote, Meneja anapiga chafya, skafu shingoni. Kaka yako, kwa nia njema kabisa, akasema, “Dada, mbona huogi jioni na wenzako? Na hita imefungwa kwa ajili yenu. Au bado una kinyongo na mke wangu kwa sababu ya tangi? Msamehe, yaishe.”

Msamehe! Nilishika kijiko kwa nguvu mpaka kikapinda. Nikamtazama Meneja tu. Nikamtazama kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

Akaanza, “Mimi nilishamsamehe…” Akamtazama Mama. Mama akatazama sahani. Meneja akaweka uso kwenye viganja na maneno yakatoka huko huko vidoleni. “Si yeye. Ni mimi. Ni mimi niliyechota, ni mimi niliyewasha. Nilikuwa na usingizi.”

Kaka yako akainuka. Alisogeza kiti chake, akaja kukaa upande wangu wa meza, akaninyoosha kile kijiko.

Hapo ndipo Meneja aliposema jambo ambalo sikulijua. Kwamba wewe ulipokuwa mchanga kifua kilikubana kama kinavyombana Kibonge, na baba alilifunga tangi lile ili uogeshwe maji ya moto. Na yeye Meneja, msichana mdogo wakati huo, ndiye aliyemshikia baba ngazi, na baba alimwambia, “Wewe ndiye utakayewasha, uangalie mdogo wako asipatwe na baridi.” Ndiyo maana swichi ilikuwa karibu na mlango wake. Akasema aliponusa ile harufu aliona kama amemuua baba mara ya pili, na ulimi ukatafuta mtu wa kumbebesha.

Nilimwonea huruma, sitakuficha. Nililia hata mimi. Lakini huruma ni kitu kimoja na jina langu ni kitu kingine. Nikamfuta machozi kwa kanga yangu mwenyewe, nikamwambia, “Wifi, nimekusikia na nimekuelewa. Sasa kila uliyempigia simu kumwambia ni mimi, mpigie umwambie ni wewe. Kwa sauti ile ile.”

Alidhani natania. Jioni ile nikafua nepi, mapazia, na zulia dogo la sebuleni.

Basi ameanza kupiga. Kampigia mama mkubwa, aliyemsema mpaka salio likaisha. Kampigia mjomba. Binamu nao kawapigia, mmoja mmoja, mimi nikiwa nimekaa kando nakunja nguo, nasikia kila neno. Kila simu anayopiga anakuwa mdogo kidogo kwenye kiti.

Wote amewamaliza. Umebaki wewe. Kwako anashindwa. Anachukua simu, anaitazama, anairudisha mezani. Anasema, “Huyu ndiye aliyefungiwa tangi. Huyu nitamwambiaje?” Namwambia mwambie kama ulivyomwambia mara ya kwanza.

Sasa nisikilize vizuri, wifi yangu, ndiyo sababu ya barua hii. Simu yake itakufikia, leo au wiki ijayo, maana huku baridi kali ya asubuhi imeanza. Akikupigia, jifanye hujasoma haya. Muulize habari za Mama, muulize habari za kazi. Atazunguka, mwache azunguke. Akianza kulia mwache alie. Nakujua moyo wako mwepesi, utataka kumwambia, “Basi dada, yameisha.” Usiseme! Ulimi wake ukitulia kabla haujafika penyewe, nitakuwa nimefua mapazia bure. Ngoja mpaka aseme, “Ni mimi niliyeunguza.” Ndipo umwambie chochote moyo wako unachotaka, na naomba kiwe kizuri, kwa sababu ni yeye aliyekuangalia usipatwe na baridi.

Akishasema, nitumie neno moja tu kwenye simu. Jioni hiyo watoto nitawaogesha kwa birika, na Mama nitamwomba atusamehe siku moja. Tangi lote litalala na moto wake mpaka alfajiri, liwe la Meneja peke yake, aoge mpaka kioo kitoke jasho.

Lakini si kabla. Mpaka hapo, jua linafanya kazi yake na mimi nafanya yangu.

Nisalimie shemeji. Wapwa zetu waambie mkaza mjomba wao anawabusu na kuwaonya wasigombanie bafu. Mama anakusalimu na magoti yake mapya, kaka yako anakusalimu kutoka barabarani, Bibi Mdogo anasema shangazi uvue viatu. Mungu awatie joto huko mliko, awalinde vifua vyenu, na awaepushe na ndugu wenye usingizi wa alfajiri.

Wako akupendaye, mke wa kaka yako, ambaye hakuunguza tangi.